Mkata Nyama Asiyeonja

Kuna wakati niliamini, kwa moyo mweupe na kwa cheti cha kidato cha nne nilichokisotea jioni baada ya kazi, kwamba ini la mtu mwenye virusi vya homa ya ini likionjeshwa nyama hujifunza utamu wake, kisha hukosa subira na kuanza kujitafuna lenyewe. Kama mbwa aliyeonja yai. Unamjua mbwa wa aina hiyo: anapasua yai moja kwa bahati mbaya, na kuanzia siku hiyo hakuna kuku wa mtaa mzima atakayeatamia kwa amani. Basi ini nalo, nikaambiwa, ni nyama. Likishajua kwamba nyama ni tamu, na lenyewe limelala pale chini ya mbavu bila kazi ya maana wala wa kulichunga, unadhani litafanya nini?

Aliyenieleza hayo hakuwa mtu wa kubabaika. Alikuwa mbeba nyama wa Dagoretti, mwanamume mwenye kifua kama mlango wa kanisa, ambaye kila asubuhi hutoka kichinjioni na nusu ya ng'ombe begani huku akipiga mluzi wa nyimbo za kwaya. Mimi nilikuwa nikienda pale kuchukua nyama ya bucha niliyofanyia kazi, mtaa wa Satellite, hapa Nairobi, na wenzangu wa kichinjioni walikuwa wameniita Profesa tangu waliposikia kwamba jioni navua koti jeupe na kwenda mjini kusoma. Siku nilipomnong'oneza kilichonipata, aliutua mzigo wake kwenye gari, akajifuta mikono kwenye koti, akanitazama kama anayepima urefu wa jeneza.

"Profesa, hiyo ugonjwa naijua. Mjomba wangu ndiyo ilimmaliza. Alikuwa anakula nyama vizuri tu. Siku moja tumbo ikajaa maji, kwisha. Walipompasua, ini ilikuwa imebaki ka-size ya kofia ya mtoto. Ilionja nyama, ikajikula."

"Nani alimpasua?"

"Watu," akasema, na akaenda kubeba nusu nyingine.

Sasa nieleze nilivyofika hapo, maana sikuzaliwa nikiogopa nyama. Nilizaliwa magharibi mwa Kenya, kwa watu ambao kuku akichinjwa hata mgonjwa wa kufa huomba aahirishiwe. Virusi vyenyewe nilivigundua kwa sababu ya soda. Nilikuwa mjini, natembea kuelekea darasani, nikaona hema la kuchangia damu uwanjani na watu wameketi chini yake wakinywa soda na kula biskuti kwa heshima ya mashujaa. Nikaingia. Nilitoa damu, nikanywa soda, nikaondoka nikijiona nimeokoa nusu ya taifa. Baadaye nikapigiwa simu na sauti ya upole sana, ile sauti ambayo ukiisikia unajua moja kwa moja kwamba hukushinda bahati nasibu. Damu yangu, ikasema, ina virusi vya homa ya ini, aina ya B. Nifike hospitalini.

Nilifika. Walinipima, wakaniambia nirudi baada ya miezi kadhaa, wakapima tena, vikawa bado vipo, vimetulia kama wapangaji wanaojua sheria. Daktari, kijana mwenye haraka lakini asiye na ubaya, akanieleza kwamba vimekuwa vya kudumu. Huenda nilivipata nikiwa mtoto mdogo, hakuna anayejua. Mke na watoto wapimwe na wachanjwe. Walipimwa, wakakutwa salama, wakachanjwa, na hilo lilinifurahisha kuliko Krismasi tatu zikiwekwa pamoja. Tusichangie wembe wala mswaki. Sahani na kikombe havina neno. Kuhusu mimi mwenyewe akasema, "Ini lako bado ni zima. Huhitaji dawa kwa sasa. Uwe unakuja tunakuangalia. Na kabla hujaenda, pitia kwa mtu wa lishe, chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho kilikuwa na foleni ndefu kiasi kwamba nilidhani wanagawa viwanja. Nikapita nikaenda kazini.

Lakini yale maneno, "kwa sasa", yalinifuata hadi nyumbani Kangemi na kuingia nami kitandani. Mtu akikupa dawa, una kazi ya kufanya: unameza, unalalamika kwamba ni chungu, unaendelea. Mimi nilipewa kungoja. Sijui kungoja. Hata chai ikiwa jikoni nasimama pale naisukuma kwa macho ichemke. Nikawa siwezi kukaa. Nikiwa kazini, nainua kisu kwenye mwanga na kutazama weupe wa macho yangu kwenye ubapa wake, kama umeanza kuwa manjano. Nikiwa mjini, nainama kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, navuta kope chini, natazama. Mara moja nilikuwa nimelivuta jicho hadi karibu na kidevu, kioo kikashuka taratibu, na mama aliyeketi ndani akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Na kule kichinjioni ndiko kulikonitia wazimu. Mkaguzi wa nyama hukata kila ini. Analiweka mezani, analipasua, anakunjua, anatazama. Lililo zima linagongwa mhuri. Lenye minyoo au mabaka linatupwa pipani bila hotuba. Miaka yote nilikuwa nimepita pale kama anayepita duka la viatu. Sasa nikawa nasimama. Naona kisu kinaingia, nashika ubavu wangu wa kulia. Mkaguzi akawa ananitazama, nadhani alifikiri nataka kuiba.

Kwa hiyo mbeba nyama aliponipa ile habari ya ini kujitafuna, hakunipa hofu. Hofu nilikuwa nayo ya kutosha, ningeweza kuwauzia majirani. Alinipa kazi. Hatimaye kulikuwa na kitu cha kufanya. Na mbaya zaidi, elimu yangu ilikuja mbio kumsaidia. Kwenye Biolojia nilipata C+, alama ambayo ni ya hatari kuliko E, kwa sababu mwenye E hunyamaza. Nilikumbuka mwalimu wetu wa jioni, chaki mkononi, akichora ini ubaoni na kusema kwamba hapo ndipo protini iliyozidi hubomolewa na taka yake kutayarishwa itoke kwenye mkojo. Nikaweka moja na moja. Protini ni kazi kwa ini. Ini langu lina wageni wasiotakiwa. Basi nikilipa kazi, litachoka; nikiliondolea kazi, litapumzika; na wale virusi wanaokula hapo watafungiwa chakula hadi wahame. Nilivutiwa sana na akili yangu. Nilitembea kutoka Satellite hadi Kangemi kwa miguu, nikikata katikati ya Kawangware, bila kuona hata mtu mmoja.

Nilianza na nyama. Halafu mayai, kwa kuwa yai ni nyama ambayo haijaanguliwa tu. Kisha maziwa. Omena, wale dagaa wa ziwani, maharagwe, ndengu, hata njugu za kutafuna njiani: nje. Mafuta nayo nje, maana jirani alisema yanakaanga ini kutoka ndani. Kilichobaki ni ugali, kabichi iliyochemshwa kwa maji na chumvi, chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na glukosi, ambayo niliinywa kama mwanariadha ingawa mbio zangu zilikuwa za kwenda tu kazini. Sokoni Kangemi nikampata mtu wa kipaza sauti akiuza unga wa mizizi wa kuosha ini. Ulikuwa mchungu kiasi kwamba ukiutaja tu mate yanakimbia. Nikasema kitu kichungu hivi hakiwezi kuwa cha bure. Nikakoroga asubuhi na jioni.

Mke wangu aliutazama mpango huo kwa siku chache. Mwishowe, nilipomsukumia mtoto yai langu kwa mara nyingine, akaweka mwiko chini.

"Baba watoto, nani amekwambia hii?"

"Ni sayansi."

"Sayansi ya nani?"

"Ini ikisikia nyama inaamka," nikasema. Niliposema kwa sauti, kidogo nilisikia jinsi ilivyokuwa, lakini nilikuwa nimeshaingia mtoni, nguo zimelowa.

"Inaamka iende wapi?"

Akaendelea kula kichwa cha omena polepole, akinitazama. "Kwetu mwanaume akikataa kuku, watu wanaanza kuulizana kama mvua itaruhusu matanga. Mimi sijui sayansi. Najua suruali. Hiyo suruali ilikuwa inakubana Pasaka."

Suruali ilikuwa kweli. Nilikonda hadi mshipi ukaisha mashimo, nikatoboa mengine kwa msumari, na hayo nayo yakaisha. Mashavu yaliingia ndani kana kwamba nanyonya kitu. Mabega, ambayo yalikuwa ndiyo fahari yangu yote, yalishuka hadi koti jeupe likawa linaning'inia kama limetundikwa kwenye ndoano pamoja na mbavu za mbuzi. Na bado nilifurahi. Nilidhani ninayemwona akipungua ni virusi.

Kulikuwa pia na suala la mahindi. Mama yangu hunitumia gunia kutoka nyumbani kila baada ya mavuno, na sisi watu wa Kangemi tuliotoka magharibi tunaamini mahindi ya nyumbani kama watu wengine wanavyoamini maji ya baraka. Msimu ule mvua ilikuwa haijui kuacha. Gunia lilifika likiwa na unyevu, tukalisukuma chini ya kitanda kwa sababu chumba chetu hakina mahali pengine, na paa letu nalo lina tabia ya kulia. Mke wangu alipolifungua, sehemu ya chini ilikuwa imeota kuvu, kijani na kijivu, na harufu ya kabati la marehemu. Akakaa chini na ungo, akachambua: mazuri huku, mabaya huku. Yale mabaya akataka kuyamwaga.

Nikamzuia. Mama alikuwa amelima kwa mkono. Na tena mimi ndiye niliyekuwa kwenye mpango wa kujinyima, si ndiyo? Nikasema watoto wale yale mazuri, haya nitakula mimi. Kuvu ni kitu cha juujuu, ukikiosha na kukichemsha sana kinaondoka. Nikayapeleka kusagwa peke yake, nikawa na unga wangu. Nilijisikia mtakatifu. Hakuna baba Kangemi nzima aliyewahi kuwapenda watoto wake kwa unga mbaya namna ile.

Ningeendelea hivyo hadi nipeperuke, kama si desturi ya bucha yetu.

Pale Satellite, mteja akiagiza nyama ya kuchoma, hapewi tu na kuachwa. Mkata nyama huleta kibao mezani, hukata kipande cha kwanza, hukichovya kwenye chumvi, na kukila mwenyewe mbele ya wenyewe. Ndipo wengine wanyooshe mikono. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mji huu umewahi kulishwa punda na watu wakala wakiramba vidole, na tangu hapo mla nyama wa Nairobi anataka kuona imani ya mkataji ikipita kooni. Bosi wetu, mama mwenye bucha, mwanamke aliyezaliwa na kukulia hukohuko Dagoretti wakati ilikuwa mashamba, aliishika desturi hiyo kama amri ya kumi na moja. Ukiwa kwake unakata, unaonja, unatabasamu. Kwa hilo la tatu, la kutabasamu, nilikuwa na kipawa.

Nilipoacha nyama, nikaanza kutunga. Leo jino. Kesho nimetoka kula sasa hivi. Keshokutwa nimefunga, nina maombi. Mzee mmoja mwenye nyumba za kupangisha, mteja wetu wa Jumamosi tangu bucha iwe kibanda, alivumilia jino na shibe, lakini kwenye maombi akakunja gazeti.

"Unaomba nini wewe kijana kila Jumamosi?"

"Mambo ya familia, mzee."

"Na hiyo familia inakula nini? Maana wewe unaisha."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliitazama nyama kwenye kibao, akanitazama mimi, akaitazama tena nyama. Kisha akaagiza chai.

Maneno hayatembei Satellite; yanaruka. Katika muda mfupi nilisikia kwamba mkata nyama wa pale ameacha kuonja. Halafu kwamba ameacha kuonja kwa sababu anajua. Halafu, kwamba anakonda kwa sababu dhamiri inamla. Mwishowe mwanamke auzaye mboga mbele ya bucha aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa huruma kabisa, kama ni kweli kwamba kichwa cha punda kilipatikana nyuma. Nilimwambia hapana. Akasema, "Sawa. Lakini hata kama kingepatikana, wewe ungesema nini?" Na hapo, mimi mtu wa C+, nilishindwa na mantiki yake.

Jumamosi iliyofuata meza zilikuwa tupu, na nyama iliyochomwa ilikauka juu ya moto hadi ikawa na uso wa mtu aliyeachwa stendi. Bosi alitoka nyuma ya mizani. Huyu mama hapazi sauti. Akikasirika anazungumza kama anayekusomea maelekezo ya mashine.

"Profesa, kuja. Ule mzee amekuja, na wale wa garage wamekuja. Chukua kibao. Kata. Onja. Wakuone."

"Mathe, mimi—"

"Sijauliza. Onja."

Nilikata. Ulikuwa ubavu, wenye mafuta ya dhahabu pembeni, umepikwa na mtu anayejua, na harufu yake ilinipanda kichwani. Nilikuwa sijala kitu kama kile kwa muda mrefu sana. Nikachovya kwenye chumvi, nikatia kinywani. Mate yalijaa kama mto Nairobi wakati wa masika. Na papo hapo nikalisikia ini. Naapa nililisikia: liligeuka, likanusa, likafumbua jicho moja. Nikatafuna, nikatafuna, watu wanatazama, nikatafuna tena. Nikavuta leso nikijifanya nakohoa.

Yule mzee mwenye nyumba alikuwa ameketi karibu nami kuliko wote. Alinyoosha mkono, akaikunjua ile leso mkononi mwangu kwa utaratibu, kama anayefungua mlango wa chumba cha mpangaji aliyehama bila kuaga. Kile kipande kilikuwa hapo. Akamtazama bosi, akavaa kofia, akatoka. Watu wa garage wakamfuata.

Bosi hakunifokea. Alifuta kibao, akakiweka mahali pake. Kisha akaniambia niinue mguu wa nyuma wa ng'ombe uliokuwa umelala kwenye meza ya ndani, niutundike. Ni kazi niliyokuwa nikiifanya nikiimba. Nikauinua hadi kifuani, ndoano ikawa mbali kama Kisumu, na mguu ukateleza ukaangukia sakafuni, nami nikaangukia juu yake. Tulilala pale, mimi na mguu. Yeye ndiye aliyeuinua. Mwanamke wa umri wa mama yangu.

"Nilidhani unaniringia," akasema. "Kumbe wewe ni mgonjwa."

Nikamweleza, nikiwa bado sakafuni. Virusi, mbeba nyama, mbwa na yai, yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akapangusa mikono.

"Sasa sikia. Mimi siwezi kaa na mtu wa nyama anaogopa nyama. Hawa watu hawatarudi mpaka wakuone ukimeza. Enda hosi, wakuangalie hiyo ini ama hiyo kichwa, ile itapatikana ikiuma. Ukirudi uwe mtu anakula. Ukishindwa, nitatafuta mwingine, na nitaomba Mungu anisamehe, lakini nitatafuta."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimekatwa mara mbili. Nikila, ini linajila. Nisipokula, kisu changu kinashikwa na mtu mwingine, na nilikuwa sijui kazi nyingine duniani. Cheti changu cha jioni kilikuwa kimepelekwa kila ofisi mjini na kurudi kikiwa kimechoka kuliko mimi. Jumapili nilizunguka soko la Kangemi kutwa, nikasimama mbele ya wauza mayai ya kuchemsha, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka. Muuzaji mmoja akadhani ni askari wa jiji na kuanza kufunga ndoo yake.

Jumatatu asubuhi nilipomweleza mke wangu, hakusema "nilikuambia". Alikwenda kwa jirani, akamwomba awaangalie watoto, akarudi akiwa amevaa viatu vya kanisani.

"Ule mtu wa lishe wa chumba cha mwisho," akasema. "Leo foleni tutaikalia."

Tuliikalia. Mimi nilisimama, nikakaa, nikaenda kusoma mabango ukutani ya chanjo za watoto hadi nikawa naweza kuchanja mtu. Mke wangu alikaa na mkoba mapajani, hasogei, kama aliyekuja kudai mtu wake. Tulipoitwa, tukamkuta mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, mezani kwake ana mizani na utepe wa kupimia. Alinipima uzito. Akanizungushia utepe mkononi, juu, akatazama nambari na kuutazama tena mkono. Kisha akanipa vidole vyake viwili.

"Bana, baba. Kwa nguvu zako zote."

Nikabana. Nilibana kama mtu aliyeshika kamba ya ndoo iliyoanguka kisimani. Akanitazama kama anayesubiri nianze.

"Umeanza?"

"Nimemaliza," nikasema, na mke wangu akatazama dirishani.

Akafungua faili langu, akasoma vipimo vya siku zile, akasema ini lilikuwa zima, halina makovu, kwa hiyo kukonda huku hakujatoka hapo. "Jana ulikula nini? Anza asubuhi."

Hapa nikajinyoosha, maana nilikuwa na fahari. Nikampa mpango wote: chai ya rangi, glukosi, ugali, kabichi, glukosi, ugali, unga wa mizizi. Nikamweleza sababu, nikamtajia hata protini na taka yake, nikitumaini ataona kwamba anazungumza na mtu aliyepita darasani. Hakuandika kitu. Aliuliza tu, "Na huo ugali ni wa unga gani?"

"Wa nyumbani. Safi."

"Si safi," mke wangu akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Una kuvu. Ile mbaya tulitenga, yeye ndiye anakula. Anasema ni ya baba."

Yule mama akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameshtuka; haikuwa kwa ajili ya nyama, wala mayai, wala mafuta.

"Imebaki?"

"Nusu debe," mke wangu akajibu.

"Mkifika, mmwage yote. Usiwape kuku, usimpe jirani." Akanigeukia. "Kuvu hiyo ina sumu, baba. Kuosha haitoi, kuchemsha haitoi. Inakwenda moja kwa moja kwa ini, na kwa mtu mwenye virusi kama wewe inaongeza hatari ya saratani. Na huo unga wa mizizi, hakuna anayejua una nini ndani. Ini ndilo litakalopata shida ya kuuchuja. Uache leo."

Nilitulia. Mimi, ambaye sijawahi kutulia tangu niache kunyonya, nilikaa kwenye kiti kile bila kutikisa hata mguu. Nilikuwa nimekimbia nyama miezi yote ile na kujificha kwa adui, nikampikia, nikakaa naye meza moja. Nikashika ubavu.

"Nimejimaliza?"

"Sijui. Tutapima tena leo, tutaona. Watu wengi hula kidogo wakaacha, wakaendelea na maisha. Uliyojifanyia wazi ni njaa, na njaa tunaijua dawa yake."

Mke wangu akanishika mkono, ule uliopimwa. Lakini mimi nilikuwa na swali moja, ambalo bila jibu lake nisingeweza kurudi Satellite wala kuinua kitu. Nikamweleza habari ya ini kuonja nyama na kujitafuna. Nikamweleza na mbwa. Nilijua ilivyosikika, niliisema hata hivyo, mpaka mwisho, na nikauliza kama Jumamosi nikikata kile kipande na kukimeza, kuna kitakachoamka.

Hakucheka. Alivaa tena miwani yake, akanisogelea, akasema polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo kwa wengi na yuko tayari kuyasema tena.

"Hapana, baba. Ini halijili. Hakuna chakula kinacholisha virusi, wala huwezi kuviua kwa njaa. Unaua misuli yako tu. Mtu mwenye homa ya ini ya kudumu anakula kama mtu mwingine yeyote: nyama, yai, maharagwe, omena, maziwa, mboga, matunda, mafuta kwa kiasi. Hata wale ambao ini limeshaharibika hatuwanyimi protini siku hizi. Pombe usiguse, mahindi yenye kuvu usile, na tarehe ya kupimwa usiikose. Anza kidogo kidogo, tumbo limesahau. Jumamosi kata, onja, na umeze."